Uji wa Tendo la Nne

Juzi, tulipotoka kwenye sala ya jumuiya hapa Kamunyonge, binti mmoja anayeitwa Anjela alinifuata mpaka mlangoni kwangu. Rafiki yake wa chuo amefiwa na mama yake, na vijana wanataka kwenda kumwona. Wameshachagua msemaji, wameshapanga nyimbo, na yuko mmoja anayeandaa somo. "Bibi," akaniuliza, "tukifika tumwambieje ili ajue Mungu yuko naye?"

Nikamwuliza kama anajua kupika uji. Akacheka, akadhani bibi ameanza kupotea. Sijapotea, mjukuu wangu. Nimekaa katika jiko la hospitali tangu nikiwa binti kama wewe mpaka mgongo ulipokataa, na swali lako niliulizwa kabla hujazaliwa, nikiwa nimeshika upawa. Juzi sikukujibu kwa sababu maharage yangu yalikuwa motoni. Nakujibu sasa kwa maandishi, na wenzako wasome.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, upande wa Bunda. Jiko lilikuwa banda la matofali nyuma ya wodi ya akina mama, dirisha letu likitazamana na dirisha lao. Kwa hiyo wagonjwa walijua tunapika nini, nani amechelewa kazini na nani kagombana na nani. Ukiunguza maharage, unasikia wodi nzima inakuimba kabla hujaepua.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Mafuru, mpishi mkuu, mtu wa Suguti, mwenye mwili mkubwa na sikio moja lisilosikia vizuri. Kwa ajili ya sikio hilo alizungumza kwa kupaza sauti, na alisali kwa kupaza sauti zaidi. Nilipofika siku ya kwanza niliangalia ukutani nikaona saa, lakini mishale haisogei. Nikamwuliza, "Baba, tunajuaje chakula kimeiva?" Akatoa rozari mfukoni mwa shati. "Saa inasimamaga," akaniambia. "Hii haina betri."

Usidhani ni utani. Jiko letu lote lilikwenda kwa rozari. Dagaa waliochambuliwa na kuoshwa mchanga, wakishaingia kwenye nyanya, ni tendo moja tu, yaani Salamu Maria kumi, ukizidisha wanakuwa majani. Uji wa ulezi kwa sufuria ile kubwa ni matendo yote matano, kuanzia pale unapochemka. Maharage ni rozari tatu, ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, na kama ni maharage ya mwaka jana unaongeza litania. Mzee Mafuru aliongoza, mimi nikaitikia, mwiko ukizunguka. Mwanzoni niliona kama tunamfanya Mama Maria kuwa mpishi msaidizi. Baadaye nikazoea, nikawa siwezi kukoroga hata chai bila midomo kucheza.

Na kwa kuwa wengi wenu uji wenu ninaufahamu, niwaambie na hili. Usimwage unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Uvuruge kwanza pembeni na maji ya baridi, uwe laini, ndipo umimine taratibu huku mkono mwingine unakoroga. Mwiko ufike chini kabisa na kwenye pembe, maana uji huungua kwa chini huku juu unakuchekea. Limau utie ukishaepua, la sivyo maziwa yanakatika. Mgonjwa akikuta donge moja kwenye kikombe, kesho atasema hana njaa.

Kuna wakati tulipata msaidizi anaitwa Rebeka, Msabato, mwimbaji wa kwaya, sauti kama imepakwa asali. Rozari hakuijua, na mzee Mafuru hakuwa mtu wa kumlazimisha mtu dini yake. Akamwambia, "Wewe pimia nyimbo zako. Beti nne na pambio, uji tayari." Ikaenda vizuri kwa muda. Sasa siku moja wagonjwa wakaanza kumwitikia kutoka dirishani, na Rebeka akiitikiwa anapandwa na roho. Pambio likarudiwa, likarudiwa tena, akafumba macho, akaachia mwiko ili apige makofi. Harufu ndiyo iliyomfumbua macho. Wagonjwa waliuita uji ule "uji wa pambio", na jina likabaki hata Rebeka alipoolewa Tarime.

Tulipata watu wa kila namna. Wa kando ya ziwa walitaka furu, wale samaki wadogo, na ukiwapa sangara wanauliza kama ni kiatu. Alikuja mzee mmoja mfugaji amevunjika mguu, akakataa maziwa yetu kwa sababu hajui ng'ombe aliyeyatoa. Akafichiwa kibuyu cha maziwa mgando chini ya kitanda na wajukuu zake, tukakigundua kwa sababu ya paka waliopiga kambi wodini. Matroni akamwuliza, "Babu, hiki nini?" Akajibu, "Ndugu yangu amekuja kuniona." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu walikuwa wanaumwa, wengine walikuwa wanakufa, na bado kicheko hakikuhama pale.

Lakini Nyamisi hakucheka.

Nyamisi alitoka kijiji kimoja upande wa Butiama. Mume wake alikuwa amefariki wakati ana mimba, na alipokuja kujifungua, mtoto naye akazaliwa akafa. Akabaki kitandani kando ya dirisha, maziwa yanamtoka na hakuna wa kuyanyonya. Aligeukia ukuta. Hakula. Daktari akamwambia matroni, na matroni akatuambia sisi wa jikoni, kwamba dawa zinafanya kazi yake lakini huyu binti asipoanza kula hatamtoa hospitalini akiwa hai. Hivyo ndivyo alivyosema.

Nikajipa kazi. Nilikuwa bado kijana, nimesoma mafundisho, najua maneno. Nikambebea kikombe cha uji, nikakaa kitandani kwake, nikamweleza kuwa Mungu anampenda, kwamba mateso yana maana yake, kwamba mtoto yuko mahali pazuri. Nilisema vizuri, hata mwenyewe nilijisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila kugeuka, "Dada, huyo Mungu alikuwa wapi juzi? Maana mimi nilikuwaga hapa hapa."

Nikachukua kikombe chake kilichojaa, nikarudi jikoni, nikalia ndani ya moshi ili nisingizie moshi.

Mzee Mafuru alinisubiri nimalize. "Umempelekea nini?" Nikamwambia uji. "Na nini tena?" Nikamwambia, maneno. Akatikisa kichwa. "Mgonjwa hapewagi mahubiri kwenye tumbo tupu, mwanangu. Yatamkaa vibaya. Peleka kikombe, msalimie, mwulize kama dirisha lifungwe au liachwe. Asipokula, chukua kikombe chako urudi. Kesho peleka tena."

"Na asipokula kesho?"

"Kesho kutwa siyo mbali."

Nikafanya hivyo. Asubuhi napeleka, namsalimia, nauliza dirisha. Ananiambia, "Liache." Jioni vile vile. Uji wake aliumaliza yule mzee wa kibuyu, ambaye alikuwa ameanza kukubali kwamba ng'ombe wetu nao ni ng'ombe. Nilisali kila siku Nyamisi ale, na nawaambia kweli, nilianza kuona kama nasali kwenye ukuta ule ule aliougeukia yeye. Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, na niliogopa.

Ikafika Ijumaa. Mzee Mafuru amekwenda mnadani kununua maharage, nimebaki peke yangu na sufuria kubwa. Uji ukachemka, nikaanza Matendo ya Uchungu kwa sauti, jinsi nilivyofundishwa. La kwanza, Yesu bustanini. La pili, anapigwa mijeledi. La tatu, anavikwa taji la miiba. Namalizia la tatu, nikaona mkia unaingia stoo. Mbuzi wa mlinzi! Mbuzi yule alikuwa mwizi mzoefu na alijua siku ambazo mzee hayupo. Nikatoka na mwiko, tukazungukana magunia, akanitoroka kati ya miguu akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Nikamfukuza mpaka uani, nikarudi nahema, nikaukoroga uji wangu haraka kabla haujashika chini, nikaendelea: "Tendo la tano, Yesu anakufa msalabani."

"Mama jikoni!"

Sauti ilitoka dirishani. Nyembamba, imekauka, lakini kali. Nikainua kichwa. Nyamisi alikuwa ameketi, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Umeruka la nne," akasema. "Bado hajauchukua msalaba, wewe umeshamuua. Na uji wako ni mbichi."

Wodi ikapasuka kwa kicheko. Mimi nilisimama pale na mwiko wenye manyoya ya mbuzi. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko kwao Butiama yeye ndiye aliyekuwa akiongoza rozari ya jumuiya, na kosa hilo hakuwahi kumwachia mtu. Kumbe siku zote zile amegeukia ukuta, alikuwa anatuhesabia.

Nikamwambia, "Basi niongoze, maana mbuzi amenitoa akilini." Akanitazama. Nilidhani atarudi ukutani. Akalamba midomo iliyopasuka, akasema, "Tendo la nne," akaanza. Mimi nikaitikia, akina mama wengine wakaitikia, hata yule mzee wa mguu aliitikia kutoka wodi ya pili ingawa nina hakika hakuwa amebatizwa. Sauti yake ilikatika mara nyingi. Ilipokatika tulingoja, tukikoroga.

Uji ulipoiva nilimpelekea kikombe. Akakishika, akakinusa, akanionya kwa kidole: "Sijasema nimemsamehe Mungu. Nimesema umeruka."

"Nimesikia," nikamwambia. "Onja uniambie kama umeiva."

Akaonja. Kisha akanywa. Nilitaka kuruka, nikakumbuka maneno ya mzee, nikauliza habari za dirisha. Mzee Mafuru aliporudi kutoka mnadani nilimkimbilia kumweleza, na nilitegemea atasema jambo kubwa la kiimani. Akauliza, "Mbuzi amekula kiasi gani?" Halafu nikaona anafuta macho na mkono wa shati.

Nyamisi alitoka hospitalini kwa miguu yake. Akawa rafiki yangu wa maisha. Kila msimu akivuna ulezi, akishuka Bunda sokoni, alipita jikoni kwetu na mfuko, akasimama nyuma yangu akikagua mwiko. Aliolewa tena, akapata watoto, mmoja sasa ni mwalimu. Je, alipata jibu la swali lake? Sikuwahi kumwuliza, naye hakunieleza. Aliongoza rozari, akalima, akanikosoa.

Mambo ya jikoni yakabadilika. Walileta jiko la gesi, na kisaa kidogo chekundu kinacholia wakati ukitimia. Msinitege niseme cha zamani ndicho kizuri. Nilikipenda kile kisaa, na macho yangu yaliyochomwa na moshi miaka yote yaliishukuru gesi kuliko mtu yeyote. Mzee Mafuru peke yake ndiye aliyekinunia. Kila kilipolia alikifokea, "Ngoja! Bado tendo moja!" Alistaafu akiwa bado anagombana nacho, na alipofariki huko Suguti tulimpikia waombolezaji wake maharage kwa rozari tatu na litania, kwa sababu yalikuwa ya mwaka jana.

Mimi nilipostaafu nilihamia hapa Musoma na mume wangu, mzee Majura, fundi baiskeli. Alikuwa mtu wa maneno. Mimi sikuwahi kujifunza kupika uji wa watu wawili, mkono wangu ulizoea sufuria la hospitali, kwa hiyo kila asubuhi nilipika mwingi. Alikuwa anatoka na kikombe chake barazani, anawaita wapita njia: "Njooni mnisaidie, huyu anadhani mimi ni wodi!" Watoto wa shule walikunywa, bodaboda walikunywa. Ndivyo tulivyozeeka.

Akafa. Aliumwa muda mfupi tu, akaenda. Mlio hapa mtaani mnakumbuka, watu walijaa, wanawake walileta kuni na udaga wa muhogo na mabeseni ya samaki wa sato, jiko langu sikuliwasha mimi. Walihubiri vizuri. Kisha matanga yakaisha, wanangu wakarudi kwenye kazi zao, na asubuhi moja nikaamka, nikapika uji kama kawaida. Nilipoona sufuria limejaa, nikalizima jiko na kwenda kulala.

Sikula siku ile, wala iliyofuata. Rozari ilikuwa chini ya mto na sikuigusa. Nilijaribu kusali nikakuta hakuna kitu, ni kama unachota kisimani na ndoo inagonga mawe. Nikamsikia Nyamisi wa zamani kichwani: alikuwa wapi? Maana mimi nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa na hasira, tena niliona aibu kuwa na hasira katika umri wangu. Watoto walipiga simu, nikawaambia nimekula. Majirani walibisha hodi, nikasema nimelala. Nikageukia ukuta. Nilifanya kama yeye, wala sikutambua.

Basi mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi. Nikasikia mfuko unatuliwa, sufuria linasuguliwa, mtu ananung'unika kwamba uji umeachwa ukaganda kama sementi. Nikajua ni nani. Alikuwa ametoka Butiama asubuhi hiyo na ulezi wake, hakuna aliyemwita. Hakuja chumbani kunipa pole. Alichungulia tu, bibi kizee mwenzangu na kilemba chake, akauliza, "Dirisha lifungwe au liachwe?"

"Liache," nikasema.

Akarudi jikoni. Nikasikia maji yanachemka, mwiko unaanza kuzunguka, na ile sauti kali ikapanda: Matendo ya Uchungu. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano ni siku ya Utukufu, na hilo nalo likaniudhi. Nikajifunika shuka. La kwanza, bustanini. Sikuitikia. La pili. La tatu, taji la miiba. Sauti ilipita ukutani, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, kila mara ikifika mahali pale pale, Bwana yu nawe, Bwana yu nawe. Maneno hayo nimeyasema juu ya masufuria maisha yangu yote. Sikumbuki kama niliwahi kuyasikiliza.

Akamaliza la tatu. Akagonga mwiko ukingoni, akasema, "Tendo la tano, Yesu anakufa msalabani."

"Nyamisi!" Nilikuwa nimeshaketi kabla sijajua. "Umeruka la nne!"

Mwiko ukasimama.

"Na huo uji ni mbichi!"

"Basi niongoze," akasema. "Mimi nimezeeka, nasahau."

Nikafungua mdomo kumwambia aendelee mwenyewe, na kilichotoka ni tendo la nne. Sauti yangu ilikatika kwenye Salamu Maria ya kwanza. Akangoja. Nilisikia mwiko unazunguka, unazunguka, hauna haraka. Nikaendelea. Wakati fulani katikati nikagundua kwamba vidole vyangu vinahesabu juu ya shuka, na kwamba vilikuwa vinahesabu tangu la kwanza. Nilijua Mungu yuko ndani ya nyumba ile. Sikuona nuru wala kusikia sauti yake. Nilijua tu, jinsi unavyojua ukiwa chumbani kwamba jikoni kuna mtu. Nililia sana, Anjela, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Nyamisi akaniletea kikombe, akakaa kitandani. Nikaonja.

"Una madonge," nikamwambia.

"Umeniongelesha katikati ya kukoroga."

Nikanywa. Akaniangalia mpaka kikombe kikawa nusu. Barazani wapita njia walikuwa wameshaanza kuulizana, maana amepika mwingi kama wangu, na nikasikia mtoto wa shule anauliza kama leo uji upo. Upo, nikasema, ingieni na vikombe. Halafu nikamgeukia Nyamisi, nikamwuliza lile jambo lililokuwa linanikereketa.

"Sema kweli. Uliruka makusudi?"

"Na wewe siku ile?"

"Mimi, mbuzi ndiye aliyenitoa akilini."

Akachukua kikombe changu, akaenda kukijaza tena. Alijibu akiwa tayari yuko mlangoni.

"Mimi sikuwa na mbuzi," akasema.